Mende Mdogo Si Mtoto wa Mende Mkubwa

Imani iliyoenea katika nyumba nyingi, kuanzia vyumba vya kupanga hadi majumba yenye majiko ya kisasa, ni kwamba mende wadogo wa rangi ya kahawia iliyopauka, wanaotawanyika juu ya meza ya jikoni taa inapowashwa, ni watoto wa wale mende wakubwa wekundu wanaotoka chooni au kwenye chemba ya maji machafu, na kwamba wadogo hao wakiachwa watakua hadi kufikia ukubwa wa hao wanaodhaniwa kuwa wazazi wao. Imani hii inaelekea kuwa na mantiki, kwa kuwa viumbe wengi anaowajua binadamu huanza wadogo kisha wakakua, lakini si ya kweli, na hasara yake si haba: fedha hutumika kununua dawa isiyofaa, dawa hupulizwa mahali ambapo mdudu anayetafutwa hakai, na mwenye nyumba huishia kukata tamaa akidhani kwamba mende hawashindiki. Mazungumzo haya yanahusu namna ya kuwatambua mende wanaofanana, alama zipi ziaminiwe na zipi zisiaminiwe, na pia wale ambao hata mtaalamu mwenye darubini hulazimika kutazama mwenendo wao kabla ya kuwataja kwa jina.

Jambo la kwanza la kushika ni namna mende anavyokua. Mende hapitii hatua ya funza wala ya bundo kama apitiavyo nzi au kipepeo. Katika yai lake hutoka tunutu, jina litumikalo kwa mtoto wa nzige asiye na mbawa, ambalo wanaoandika habari za wadudu hulitumia pia kwa mtoto wa mende, na tunutu huyo hufanana na mzazi wake kwa umbo isipokuwa hana mbawa. Kwa kuwa ganda la nje la mdudu ni gumu na halitanuki, tunutu hukua kwa kujivua: ganda la zamani hupasuka mgongoni, mdudu mweupe mwenye macho meusi hujinasua humo, naye katika muda wa saa chache hukauka, hukakamaa na kupata rangi yake. Huyo ndiye mende mweupe ambaye watu humwona usiku wakamdhania kuwa wa aina ya pekee, na wengine wakamhusisha na mambo ya uchawi, ilhali ni mende wa kawaida aliyekutwa katika saa ambazo ganda jipya halijapata rangi. Tunutu wa mende anayeitwa wa Ujerumani hujivua mara 6 au 7, na yule wa mende anayeitwa wa Marekani mara 10 hadi 13, na baada ya kujivua kwa mara ya mwisho mbawa hutokea zikiwa kamili na ukuaji hukoma kabisa. Hapo ndipo inapopatikana kanuni inayobomoa imani iliyotajwa mwanzoni: mende mwenye mbawa kamili amekwisha kukua, hata kama urefu wake ni milimita 13 tu, na hataongezeka tena hata kidogo. Mende mdogo mwenye mbawa, kwa hiyo, ni mtu mzima wa ukoo mwingine.

Kanuni hiyo haigeuki kinyume chake, na hapa pana mtego, kwa maana si kila mende asiye na mbawa ni mtoto. Wako mende wanaokomaa bila mbawa za kuonekana, kama vile jike wa Blatta orientalis, mende mweusi wa nchi zenye baridi, ambaye mbawa zake hubaki kama vipande viwili vidogo mabegani hata anapokuwa mzee, na Neostylopyga rhombifolia, mende mwenye madoadoa ya manjano na meusi aliyepambika kuliko wote waishio na binadamu. Kwa mende wa jikoni na chooni wanaozungumzwa zaidi hapa, hata hivyo, mbawa ni ushahidi wa kutosha wa utu uzima.

Spishi za mende zilizokwisha kuelezwa na wanasayansi zinakaribia 4,600, idadi ambayo haiwahesabu mchwa, ingawa uchunguzi wa vinasaba umethibitisha kwamba mchwa ni tawi la ukoo huohuo wa mende. Katika maelfu hayo, spishi zinazohusiana kwa namna yoyote na makazi ya watu ni kama 30 tu, na zinazosumbua hasa hazizidi vidole vya mkono mmoja. Waliobaki huishi misituni, chini ya majani makavu na ndani ya magogo yanayooza, wasimdhuru mtu. Ni vyema pia kumtenga mende na mbawakawa, kwa kuwa watu huwachanganya: mbawa za mbele za mbawakawa ni ngumu na hukutana katikati ya mgongo kwa mstari mmoja ulionyooka, lakini mbawa za mende ni laini kama ngozi na moja hulalia juu ya nyingine.

Alama za kutambulisha mende hupatikana katika sehemu chache za mwili, nazo zinafaa kutajwa kabla ya kuendelea. Nyuma ya kichwa kuna bamba pana, mfano wa ngao, linalofunika shingo na mara nyingi kichwa chenyewe, ambalo wataalamu huliita pronoto na ambalo hapa litaitwa ngao. Kutoka kwenye ngao kwenda nyuma zimelala mbawa za mbele, na ukingo wake wa nje, hasa sehemu iliyo karibu na bega, una habari muhimu. Mwishoni mwa tumbo zimechomoza pembe mbili ndogo zenye pingili, ziitwazo serki, ambazo mende huzitumia kuhisi mtikisiko wa hewa, na hiyo ndiyo sababu kandambili humkosa mara kwa mara, kwa kuwa upepo wake humfikia mdudu kabla ya kandambili yenyewe. Kwa mende wakubwa wa nyumbani, dume ana pia vijiti viwili vyembamba kati ya serki hizo, na jike hana. Sehemu ya mwisho si ya mwili bali ni kazi ya mwili: kifuko cha mayai, kiitwacho ootheka, ambacho jike hukitengeneza kwa utomvu unaokauka ukawa gamba gumu, na ambacho kwa umbo lake na kwa namna kinavyotunzwa husema mengi kuliko rangi ya mdudu.

Rangi ndiyo shahidi asiyeaminika. Mende aliyejivua jana ana wekundu uliopauka kuliko wa mwenzake wa miezi sita, na aliyekufa kwa dawa na kukaa siku nyingi nyuma ya kabati hugeuka rangi akakauka. Ukubwa nao huaminika nusu, kwa kuwa hutenganisha makundi lakini hautenganishi ndugu walio ndani ya kundi moja. Anayetaka kumchunguza mende kwa makini atamkamata mzima ndani ya chupa ya mdomo mpana, ataiweka chupa hiyo katika friza hadi mdudu atulie, kisha atamlaza juu ya karatasi nyeupe na kumtazama kwa kioo cha kukuzia kabla hajapata joto. Kumponda kwa kiatu ni kuipoteza ngao na mbawa, yaani kuzipoteza alama zenyewe.

Katika kundi la wadogo, walio na urefu wa milimita 10 hadi 16, wawili ndio hupatikana ndani ya nyumba na kuchanganywa. Wa kwanza ni Blattella germanica, mende wa Ujerumani, aliyepewa jina hilo na Carl Linnaeus mwaka 1767. Ngao yake ina mistari miwili myeusi inayokwenda sambamba kutoka mbele kwenda nyuma, na mistari hiyo huonekana kwa macho matupu hata kwa mdudu anayekimbia, ikiwa mtazamaji anajua pa kutazama. Tunutu wake ni mweusi zaidi kuliko mzazi, naye ana njia moja ya rangi nyepesi katikati ya mgongo. Wa pili ni Supella longipalpa, ambaye hapa ataitwa mende wa mikanda, kwa sababu mikanda miwili ya rangi nyepesi hukatiza mwili wake kutoka upande hadi upande, ikionekana wazi zaidi kwa tunutu na kwa jike ambaye mbawa zake hazifiki mwisho wa tumbo. Ngao ya mende wa mikanda haina mistari. Katikati yake pana doa jeusi lenye umbo la kengele, na pembeni ngao hiyo inakaribia kupenya mwanga. Kwa maneno mengine, mistari ikienda na urefu wa mwili mdudu ni wa Ujerumani, na mikanda ikikata upana wa mwili mdudu ni Supella.

Tofauti hiyo ya milimita chache za mwili inakuwa tofauti ya nyumba nzima pale inapoulizwa kila mmoja hukaa wapi. Mende wa Ujerumani anahitaji maji karibu, na kwa hiyo hujibanza karibu na sinki, kwenye bawaba za kabati la vyombo, nyuma ya jiko la gesi na chini ya friji palipo na joto la mota na matone ya maji. Mende wa mikanda huvumilia ukavu zaidi na hupenda joto la juu, hivyo hukaa juu ya dari, nyuma ya picha zilizotundikwa ukutani, ndani ya makabati ya nguo, chini ya viti na ndani ya redio, runinga na vifaa vingine vya umeme, na huweza kujaa katika chumba cha kulala ambacho hakijawahi kuingizwa chakula. Mwenye nyumba aliyekwisha kusafisha jiko hadi likang'aa, akapaka chaki ya mende kuzunguka sinki yote, na bado akawa anaona mende wadogo juu ya kabati la nguo, hajashindwa kwa uzembe. Amempiga vita mdudu mmoja mahali anapokaa mwingine.

Kundi la wakubwa ni gumu zaidi, na ndilo linalostahili kukaliwa kwa muda. Mende wekundu wakubwa wanaoitwa kwa jumla wa chooni ni wa jenasi moja, Periplaneta, na jenasi, kwa wasiozoea neno hili, ni kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu kiasi cha kushiriki jina la kwanza la kisayansi. Anayejulikana kuliko wote ni Periplaneta americana, mende wa Marekani, mwenye urefu wa kama milimita 35 hadi 40 na wakati mwingine zaidi, mwekundu wa kahawia, ambaye ngao yake ina doa la kahawia katikati lililozungukwa na manjano iliyofifia, na mpaka kati ya doa na manjano hiyo si mkali bali huyeyukiana. Ndugu yake Periplaneta australasiae, mende wa Australia, aliyeelezwa na Johan Christian Fabricius mwaka 1775, ni mdogo kidogo, milimita 30 hadi 35, na mtu anayemtazama kwa haraka atasema ni yuleyule. Lakini manjano ya ngao yake ni kali na imekata mpaka wazi kuzunguka doa jeusi, na juu ya hayo kila ubawa wa mbele una mfereji wa manjano kwenye ukingo wa nje, unaoanza begani na kwenda kama theluthi moja ya urefu wa ubawa. Mfereji huo wa begani ni alama ambayo mende wa Marekani hana kamwe, na kama ingepasa kuchagua alama moja tu ya kukumbukwa katika kundi hili, hiyo ndiyo ingestahili. Tunutu wa mende wa Australia naye hujitambulisha kwa madoa ya manjano angavu yaliyopangika kwenye kingo za mwili, wakati tunutu wa mende wa Marekani hana pambo lolote.

Anayewasumbua hata wazoefu ni wa tatu, Periplaneta brunnea, aliyeelezwa na Hermann Burmeister mwaka 1838. Huyu hana mfereji wa begani, ngao yake ina doa lililofifia kama la mende wa Marekani au kufifia zaidi, ukubwa wake unaingiliana na wa wenzake wote wawili, na wengi wa wale walioandikwa katika daftari za ukaguzi kuwa wa Marekani huenda wakawa yeye. Alama yake imo katika serki, zile pembe za nyuma. Serki ya mende wa Marekani ni ndefu na nyembamba, na pingili yake ya mwisho ina urefu wa mara mbili ya upana wake au zaidi. Serki ya brunnea ni fupi na nene, na pingili yake ya mwisho ni pembetatu ambayo urefu wake haufikii mara mbili ya upana. Kwa madume kuna ushahidi wa pili: bamba la mwisho la mgongo, linalofunika sehemu ya haja, ni jembamba na lina mkato mrefu katikati kwa mende wa Marekani, lakini kwa brunnea limekatwa karibu wima na mkato wake ni wa kuonekana kwa shida. Ni kazi ya dakika chache kwa mwenye kioo cha kukuzia na mwanga mzuri, lakini ni kazi isiyowezekana kwa mtazamo wa kupita, na ndiyo maana haifai kuyapokea bila kuyapima majina yanayotajwa na mtu aliyesimama mlangoni akitazama mdudu aliye dirishani.

Kifuko cha mayai hufunga hoja pale mdudu mwenyewe asipopatikana. Kifuko cha mende wa Marekani kina urefu wa kama milimita 8 na mayai 14 hadi 16. Vya mende wa Australia na brunnea ni virefu zaidi, na kila kimoja huwa na mayai yanayokaribia 24. Mwenye duka anayehamisha makasha ya bidhaa akakuta vifuko vimebandikwa nyuma yake ana ushahidi mkononi, na kwa kupima urefu wake anaweza kujua walioviacha kabla hajamwona hata mmoja.

Majina ya nchi waliyopewa mende hawa hayamsaidii anayetaka kuwatambua, na huwapotosha wanaotaka kujua walikotoka. Mwaka 1945 mtaalamu wa wadudu wa Marekani, James Rehn, alitetea katika makala iliyosomwa sana kwamba kadhaa kati ya mende wanaofuatana na binadamu, akiwemo huyo aitwaye wa Marekani, asili yao ni Afrika, na kwamba waliivuka bahari ya Atlantiki ndani ya meli, zikiwemo zile zilizobeba watumwa. Mende wa mikanda naye ni wa asili ya Afrika, na vivyo hivyo Nauphoeta cinerea, mende wa rangi ya majivu mwenye michoro kwenye ngao, ambaye asili yake hutajwa kuwa mashariki mwa bara hili na ambaye hutofautiana na wote waliotangulia kwa kukitunza kifuko ndani ya mwili wake hadi watoto watoke wakiwa hai. Ni haki msikilizaji wa Afrika Mashariki ajue kwamba baadhi ya wadudu wanaoitwa kwa majina ya ugenini walitoka bara lake mwenyewe.

Wa Ujerumani ana historia tofauti, nayo inaingiza swali gumu kuliko yote: itakuwaje ikiwa spishi mbili zinafanana kiasi kwamba hakuna alama ya macho inayotosha? Mwaka 1981 mtaalamu wa Kijapani, Mizukubo, alieleza spishi mpya kutoka Okinawa, akaiita Blattella asahinai. Ngao yake ina mistari miwili ileile, ukubwa wake ni uleule, na mbawa zake zimezidi urefu kwa kiasi kidogo tu. Mwaka 1986 mende wa namna hiyo waligunduliwa karibu na mji wa Lakeland, jimboni Florida, Marekani, baada ya watu kushangazwa na wale waliowadhania kuwa mende wa Ujerumani lakini waliokuwa wakiishi nje kwenye majani yaliyoanguka, wakiruka jioni na kuzifuata taa na runinga zinazowaka. Mende wa Ujerumani ana mbawa kamili lakini haruki, hukimbia mwanga, na hawezi kuishi mbali na makao ya watu. Utambuzi ulithibitishwa na Louis Roth, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwachunguza mende, kwa kutazama tezi zilizo mgongoni mwa dume chini ya mbawa, na baadaye wengine wakaonyesha kwamba nta inayofunika ganda la kila spishi ina mchanganyiko wake wa kemikali. Katika maabara spishi hizi mbili huzaana, na watoto wao huzaa pia.

Sababu ya kufanana huko ilielezwa kikamilifu mwaka 2024, wakati kundi la watafiti lililoongozwa na Qian Tang lilipochapisha matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya mende 281 kutoka nchi 17. Walionyesha kwamba mende wa Ujerumani alitokana na asahinai katika Asia ya Kusini, yapata miaka 2,100 iliyopita, alipozoea makao ya watu. Kisha akaelekea magharibi hadi Mashariki ya Kati kama miaka 1,200 iliyopita, na hakufika Ulaya hadi yapata miaka 270 iliyopita, yaani muda mfupi tu kabla ya Linnaeus kumpa jina la nchi ya Ulaya. Kwa hiyo hawa ni ndugu waliotengana juzi kwa hesabu ya viumbe, na mwili haujapata muda wa kuonyesha kilichokwisha kubadilika katika tabia. Anayeokota mende mdogo mwenye mistari miwili chini ya taa ya barazani hana budi kuuliza kwanza alikuwa akifanya nini, na jibu la swali hilo lina uzito kuliko kipimo cha ubawa.

Mfano wa pili wa namna hiyo ni wa ajabu zaidi. Pycnoscelus surinamensis ni mende mweusi wa udongoni, anayepatikana chini ya mbolea, katika vyungu vya maua na kwenye mabanda ya kuku, ambako huhifadhi mwilini mwake mnyoo wa jicho la kuku. Kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa spishi moja, ingawa baadhi ya makundi yake yalikuwa na madume na mengine yalikuwa na majike matupu. Mwaka 1967 Roth aliamua jambo hilo kwa kuwazalisha: jike aliyetengwa tangu ujana wake bila kuonana na dume yeyote, naye akazaa mabinti walio hai kizazi baada ya kizazi, ni surinamensis, na yule anayehitaji dume ili uzazi wake ufanikiwe ni spishi nyingine, Pycnoscelus indicus. Majike wa spishi hizi mbili wakilazwa pamoja juu ya karatasi, macho hayana la kusema. Ni mfano unaofaa kuheshimiwa na kila anayetaka kutoa jina haraka, kwa kuwa ukweli kuhusu mdudu huyu haukuwa juu ya mwili wake bali katika uzazi wake, na ulihitaji mtu mwenye subira ya kungoja.

Faida ya elimu hii hurudi jikoni. Mapema katika miaka ya 1990 Jules Silverman wa Marekani aligundua kwamba baadhi ya mende wa Ujerumani walikuwa wakikataa chambo cha sumu, si kwa sababu sumu imeshindwa kuwaua, bali kwa sababu hawakukigusa kabisa. Walichokikimbia ni glukosi, sukari iliyotiwa ili kuwavutia. Mwaka 2013 yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Ayako Wada-Katsumata na Coby Schal, walieleza kilichotokea: katika mende hao glukosi huziamsha seli zinazohisi uchungu, hivyo kitamu kimekuwa kichungu kinywani mwao, na tabia hiyo hurithiwa. Badiliko hilo ni la mende wa Ujerumani, na mwenye nyumba anayeona chambo chake kimekaa wiki nzima bila kuguswa anahitaji kujua kwamba anashughulika na spishi hiyo, ili abadilishe aina ya chambo badala ya kuongeza wingi wake.

Msaidizi wa asili naye huchagua spishi. Nyigu wa kijani kibichi king'aacho, Ampulex compressa, anayepatikana Afrika na Asia katika nchi za joto, huwinda mende wakubwa wa jenasi Periplaneta. Humdunga mmoja, humwongoza kwa kipapasio hadi shimoni na kutaga yai juu yake. Nyigu mwingine mdogo mweusi, Evania appendigaster, mwenye tumbo dogo lililoinuliwa kama kibendera kinachopungwa, huingia ndani ya nyumba na kutaga ndani ya vifuko vya mayai vya mende wakubwa, na funza wake hula mayai yote yaliyomo. Watu wengi humuua wakidhani anakuja kuwadunga, jambo la kusikitisha, kwa maana hana shughuli na watu. Nyigu hawa hawamsaidii, hata hivyo, mwenye mende wadogo, kwa kuwa jike wa mende wa Ujerumani haachi kifuko chake popote. Hukibeba mwishoni mwa tumbo, kikiwa na mayai 30 hadi 40, hadi yakaribie kuanguliwa, na kwa kawaida hukiachia siku moja tu kabla ya watoto kutoka au wanapotoka.

Mwenendo huo wa kifuko ndio unaopanga ratiba ya dawa. Mende wa Marekani hukiacha kifuko chake baada ya siku moja au chache, akikificha kwenye ufa au nyuma ya kasha, na humo mayai hukaa takriban mwezi mmoja hadi miwili kulingana na joto. Dawa ya kupulizia haipenyi gamba la kifuko, kwa hiyo chemba iliyopulizwa leo itatoa tunutu wapya baada ya wiki kadhaa, na mpulizaji asiyerudi atalaumiwa kwamba aliuza maji. Kwa mende wa Ujerumani, anayekamilisha kizazi katika muda wa kama miezi miwili, jike anayekula chambo hufa akiwa bado amebeba mayai yake, na mara nyingi mayai hayo hufa naye, hivyo chambo kilichowekwa kwenye bawaba na nyuma ya friji hufanya kazi ambayo dawa ya kupulizia sakafuni haiwezi kuifanya. Na kwa mende wa mikanda, ambaye hugandisha vifuko vyake kwa gundi chini ya droo, nyuma ya fremu za picha na ndani ya mikunjo ya mapazia, ambako mayai huweza kukaa zaidi ya miezi miwili, kazi huanza kwa tochi na kisu butu cha kuvibandua, kabati baada ya kabati, kuanzia darini kushuka chini.